Mfalme wa Lützen na Wapagazi wa Kariakoo

Katika mji wa Dar es Salaam, pale ambapo barabara ya pwani huitazama bandari, lasimama kanisa la Kilutheri la Azania Front, lenye mnara mrefu na paa la vigae vyekundu. Wamisionari wa Kijerumani walilijenga wakati karne ya 19 ilipokuwa ikikoma na ya 20 ikianza. Mtu akitoka mlangoni mwake akaenda kwa miguu upande wa magharibi, akaacha nyuma maduka ya mjini, akavuka viwanja vya Mnazi Mmoja, huingia Kariakoo kwa muda wa nusu saa hivi. Mwendo ni mfupi, lakini kati ya ncha zake mbili limelala swali ambalo wanafalsafa na wanazuoni wa dini hawajalimaliza: je, yafaa watu wa dini watenge siku moja katika mwaka kwa ajili ya mfalme aliyeuawa vitani, silaha ikiwa mkononi mwake? Na kama yafaa, ni kitu gani hasa kikumbukwacho siku hiyo?

Mfalme mwenyewe ni Gustav II Adolf wa Uswidi, aliyezaliwa mwaka 1594 na kuuawa tarehe 6 Novemba 1632 katika mapigano ya Lützen, karibu na mji wa Leipzig, akiwa na umri wa miaka 37. Vita alivyofia vilidumu miaka 30, tangu 1618 hata 1648. Vilianza kama ugomvi wa Wakatoliki na Waprotestanti katika nchi za Ujerumani, vikaishia kuwa ugomvi wa kila mwenye jeshi. Kwa Waprotestanti wa Ujerumani mfalme huyu alikuwa mwokozi aliyevuka bahari. Alishuka pwani yao mwaka 1630, mwaka mmoja tu baada ya Kaisari Ferdinand II kuamuru kwamba mali za kanisa zilizotwaliwa na Waprotestanti zirudishwe kwa Wakatoliki. Mwezi Mei 1631 mji wa Magdeburg, uliokuwa ngome ya Waprotestanti, ulivamiwa na kuteketezwa, na watu wapatao 20,000 wakaangamia. Mwenye kujua habari hiyo hashangai kwamba waliosalia walilia kwa uchungu mkubwa walipopata habari za Lützen.

Tangu hapo tarehe 6 Novemba imekuwa siku ya mfalme huyo. Huko Lützen, mahali aaminikapo kuangukia, lilivingirishwa jiwe kubwa. Katika karne ya 19 likajengewa kivuli cha chuma, na tarehe 6 Novemba 1907 pakazinduliwa kanisa dogo kando yake. Kila mwaka watu hukutana hapo kwa ibada na mashada ya maua. Katika Göteborg, mji ulioanzishwa na mfalme huyo, siku hiyo huliwa vikeki vilivyopambwa kwa sura yake. Msomaji asivicheke vikeki hivyo. Kumbukumbu inayotafunwa na watoto aghalabu huishi zaidi ya ile iliyofungiwa kitabuni.

Walutheri wa Tanzania ni watoto wa nyumba hiyo hiyo ya imani. Kanisa lao, KKKT, liliundwa mwaka 1963 kwa kuunganisha makanisa saba, na katika mizizi yake wamo Wajerumani, Waswidi na wengineo. Mswidi Bengt Sundkler, mwanazuoni mkubwa wa historia ya Kanisa katika Afrika, alikuwa askofu huko Bukoba tangu 1961 hata 1964. Kwa hiyo mfalme wa Lützen si mgeni kabisa. Ni kama babu wa upande wa mbali, ambaye wajukuu hawakuambiwa habari zake. Lakini sokoni Kariakoo tarehe 6 Novemba hupita kama siku nyingine yo yote: mikokoteni husukumwa, marobota ya nguo hufunguliwa, na bei hupigwa kelele.

Habari ya kifo chake yataka kuelezwa polepole, kwa sababu sehemu kubwa ya jibu imo ndani yake. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa mzito, na macho ya mfalme yalikuwa na udhaifu wa kuona mbali. Mchana aliona upande mmoja wa jeshi lake walemewa, akaongoza wapanda farasi kwenda kuusaidia. Risasi ilimvunja mkono. Ya pili ikampata mgongoni, akaanguka kutoka juu ya farasi, na akiwa chini akamalizwa kwa risasi ya kichwa. Maadui wakamvua. Vazi lake la ngozi lilipelekwa Vienna kama nyara. Jioni jeshi lake lilipobaki na uwanja, mfalme alitafutwa akapatikana karibu uchi katikati ya maiti wengine, na kwa muda hapakuwa na alama ya kumtenga na mkulima wa Uswidi au mwanajeshi wa kukodiwa aliyelala ubavuni pake. Mtumishi wake kijana, August von Leubelfing, aliyekuwa naye mpaka mwisho, alijeruhiwa vibaya akafa siku chache baadaye. Mfalme alisafirishwa hata Stockholm, akazikwa mwaka 1634 katika kanisa la Riddarholmen. Mtumishi hana siku yake katika mwaka.

Kuna wasemao kwamba dini haina haki ya kumgusa mtu wa namna hii. Hoja yao ni nzito. Bwana wa Wakristo alimwamuru Petro aurudishe upanga alani, wala hakumwambia angoje mpaka sababu iwe njema zaidi. Tena sababu za Gustav Adolf hazikuwa safi kama hotuba za kila mwaka zinavyopenda ziwe. Mwezi Januari 1631 alifanya mapatano na Ufaransa, nchi ya Kikatoliki iliyoongozwa na Kardinali Richelieu, ili apewe fedha za vita, thaler 400,000 kwa mwaka. Kardinali alimlipa Mlutheri awapige Wakatoliki, kwa kuwa Wakatoliki hao walikuwa wa Kaisari, na Kaisari alikuwa mshindani wa Ufaransa. Mfalme alitaka pia kuitawala pwani ya kusini ya Bahari ya Baltiki, jambo ambalo hakuna injili iliyoliagiza. Tena majeshi ya Uswidi, hasa katika miaka iliyofuata kifo chake, yaliwala wakulima wa Kijerumani mpaka mifupa, Waprotestanti na Wakatoliki bila ubaguzi, hata jina la Mswidi likatumiwa kuwatishia watoto. Ukumbusho usioweza kuyasikia haya umekuwa uwongo uliovishwa kanzu ya ibada.

Hata hivyo Walutheri wenyewe walikwisha kulifikiria jambo la kuwakumbuka wafu kabla mfalme huyu hajazaliwa. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika fungu lake la 21, lakataza kuwaomba watakatifu, lakini laruhusu kuwakumbuka, ili kila mtu afuate imani na matendo yao mema kwa kadiri ya wito wake. Na mfano utolewao hapo ni wa ajabu: wasemwa wafalme wawili, Daudi na Kaisari, kwamba Kaisari aweza kuufuata mfano wa Daudi kwa kupigana na Waturuki. Waturuki walikuwa wameuzunguka mji wa Vienna mwaka mmoja kabla ya hapo, na hofu yao yaeleweka. Lakini fungu hilo likisomwa Dar es Salaam, ambapo Mwislamu na Mkristo wameweka meza zao za biashara ubavu kwa ubavu, halisikiki kama lilivyosikika Augsburg. Mfano uliochaguliwa ili kuhalalisha kumbukumbu umebeba ndani yake adui. Huo ndio ugumu wa kumkumbuka mpiganaji ye yote: hawezi kukumbukwa peke yake, kwani kila sifa ya mkono wake yamtaja mtu aliyepigwa nao.

Lakini kanuni yenyewe, ukiutoa mfano, ni nzuri kuliko inavyodhaniwa. Yasema kwamba mfu hukumbukwa kwa ajili ya kitu kiwezacho kufuatwa. Basi yaulizwe: katika mfalme wa Lützen ni kitu gani kiwezacho kufuatwa na muuza vitunguu, na mwalimu, na mama wa nyumbani? Si ushindi, maana watu wa namna hiyo hawana majeshi. Si ufalme. Hata ushujaa haujitoshelezi, kwa sababu waliompiga risasi nao walikuwa mashujaa. Kinachobaki ni kimoja: aliwatuma watu mahali pa kufa, na yeye akaenda mahali pale pale. Deni alilowadai wengine alililipa kwa mwili wake. Wafalme wengi wameomba damu ya watu na wachache wameitoa yao, na katika jambo hilo moja dhamiri ya kila mtu, awe wa dini yo yote au asiwe na dini, hutambua kitu cha kustahiwa.

Basi hapo ndipo ukumbusho wa kila mwaka unapoingia katika kujipinga wenyewe. Kama heshima ya kifo kile ni kwamba mfalme alishiriki fungu la watu wake, hata maiti yake isitambulikane kati ya maiti zao, basi kumwinua peke yake ni kuiondoa heshima hiyo hiyo. Jiwe la Lützen humvisha tena nguo alizovuliwa. Mwaka 2011 wachimbaji wa mambo ya kale walifukua katika uwanja ule kaburi moja lenye mifupa ya wanaume 47, waliotupwa pamoja baada ya mapigano. Mwaka 2015 mifupa hiyo ilionyeshwa katika jumba la makumbusho la Halle. Kwa miaka karibu 380 mashada yalikuwa yakiwekwa kwa ajili ya mmoja, na wale 47 walikuwa chini ya majani ya uwanja huo huo.

Yafaa kuongeza kwamba kumbukumbu hiyo haikukosa matunda mema. Mwaka 1832, ilipotimia miaka 200 tangu Lützen, watu wa Leipzig waliokuwa wakichanga fedha za mnara walishauriwa wazitumie kuanzisha mfuko wa kuyasaidia makusanyiko madogo ya Waprotestanti yaliyotawanyika katika nchi za wengine, na chama kilichozaliwa siku zile, kinachobeba jina la mfalme, kimejengea wengi shule na makanisa. Hapo walioishi walimfuata mfu kwa namna iliyowezekana kwao. Lakini katika Ufini siku hiyo hiyo, tangu mwaka 1908, imekuwa sikukuu ya wenye kusema Kiswidi, nayo haina tena uhusiano mkubwa na ibada. Na mfalme mwingine wa Uswidi, Karl XII, aliyeuawa kwa risasi mwaka 1718 akiizingira ngome ya Norway, siku yake ya 30 Novemba iliangukia mikononi mwa watu wenye chuki na wageni. Wafu hawachagui warithi.

Sasa mwendo wa kutoka Azania Front ufikishwe mwisho wake. Jina la Kariakoo halikutoka katika lugha ya Wazaramo wala ya Washomvi wa pwani. Waingereza walipoutwaa mji wa Dar es Salaam kutoka kwa Wajerumani mwezi Septemba 1916, sehemu ile ikawa kambi ya kikosi cha wapagazi, na jina la Kiingereza la kikosi hicho likasagwa na ndimi za watu mpaka likawa Kariakoo. Nairobi nayo ina mahali paitwapo Kariokor kwa sababu hiyo hiyo. Jengo la soko la leo, kazi ya mchora ramani Mtanzania Beda Amuli, lilifunguliwa mwaka 1975 na kuungua vibaya mwezi Julai 2021. Jina limestahimili zaidi ya saruji.

Vita vile vilikuwa vya wafalme pia, na wafalme wenyewe walikuwa Waprotestanti. Kaisari Wilhelm II, kwa cheo chake cha mfalme wa Prussia, alikuwa mkuu wa kanisa la Kiprotestanti la nchi yake. George V wa Uingereza alikuwa mkuu wa Kanisa la Kianglikana. Walikuwa binamu, wajukuu wa bibi mmoja, Malkia Victoria. Hapana aliyemwona ye yote kati yao katika vichaka vya Rufiji. Wilhelm alikufa mwaka 1941 uhamishoni Uholanzi, George mwaka 1936 katika nyumba yake ya shamba, wote wawili kwa maradhi na uzee, wakitunzwa na madaktari. Ile heshima moja iliyobaki kwa mfalme wa Lützen haikuwa yao. Kati ya 1632 na 1914 jambo kubwa lilitokea katika maadili ya watawala, nalo halikutangazwa po pote: mfalme aliacha kufa pamoja na watu wake, lakini hakuacha kuwatuma.

Waliokufa mahali pao walikuwa wapagazi. Katika nchi isiyo na njia za magari, yenye mbung'o wauao farasi na punda, jeshi lilikwenda kwa vichwa na mabega ya watu. Waingereza peke yao waliwatumia wapagazi wapatao milioni moja; Wajerumani nao walikamata watu vijijini kila walikopita. Wachache walikwenda kwa hiari na wengi kwa kushurutishwa. Wengi wao hawakufa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, na homa, na kichomi, na unga usioiva vizuri, na baridi ya nyanda za juu kwa mtu wa pwani asiye na blanketi. Methali ya tembo na nyasi haitoshi hapa. Nyasi huumia kwa kukanyagwa, lakini hakuna nyasi zilizowahi kuamriwa ziwabebee tembo mizigo yao.

Hesabu ya wafu hao imekuwa aibu ya muda mrefu. Taarifa iliyotolewa mwezi Aprili 2021 na tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na labda hata 350,000, hasa katika Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa. Msomaji aupime umbali uliopo kati ya namba hizo mbili. Watu zaidi ya 200,000 wanasimama katika nafasi ya «labda». Katika miaka ya 1920 utawala wa Tanganyika ulionelea kwamba makaburi makubwa ya wapagazi, ya Dar es Salaam na ya kwingineko, yaachwe yarudi porini. Na si kwamba watu hao hawakuwa na majina. Baadhi yao waliandikwa katika daftari za mishahara. Kalamu ilipatikana kwa ajili ya shilingi, ikakosekana kwa ajili ya kaburi.

Katika miaka hiyo hiyo Ulaya ilionyesha jinsi inavyoweza kukumbuka itakapo. Mwaka 1920 Austria iliirudishia Uswidi lile vazi la ngozi la Gustav Adolf, lililotunzwa Vienna kwa miaka karibu 290, kuwa shukrani kwa msaada uliopewa watoto wa Austria waliokuwa na njaa baada ya vita. Ni kitendo kizuri, na hakuna haja ya kukifanyia kejeli. Mwaka uliotangulia, mkataba wa Versailles ulikuwa umeagiza Ujerumani irudishe fuvu la Mtwa Mkwawa wa Wahehe, aliyejiua mwaka 1898 asitiwe mikononi mwa Wajerumani. Fuvu lilirudi Kalenga mwaka 1954. Kwa hiyo hata Mwafrika aliingia katika mkataba wa mataifa, maadamu alikuwa mtawala. Vazi la mfalme, fuvu la mtwa. Mpagazi hakuacha kitu cha kurudishwa.

Katikati ya mji, barabara ya Samora ikutanapo na ile ya Maktaba, imesimama tangu mwaka 1927 Sanamu ya Askari, ya shaba, bunduki imeelekezwa bandarini. Maandishi yake, katika Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, yawataja wapagazi pamoja na askari. Lakini jicho husoma kabla ya akili, na jicho laona bunduki. Kama mchongaji angemweka juu mtu aliyejitwika sanduku la risasi, shingo imekaza na mkono umeinuliwa kulishika, watu wangepita hapo kwa miaka yote hii wakijua jambo jingine juu ya vita.

Itasemwa kwamba umati haukumbukiki. Moyo wa mtu, watasema wenye hoja hii, hushika jina moja na uso mmoja. Mwambie habari za watu laki moja naye atatikisa kichwa aendelee na chakula chake. Kwa hiyo mfalme ni mlango: kwa kumkumbuka yeye wote walioanguka naye huingia. Hoja hii si ya kupuuzwa, na kila mwalimu aliyejaribu kufundisha historia kwa namba tupu ameuonja ukweli wake. Lakini mlango ni mlango ukiwa wazi. Katikati ya Dar es Salaam hiyo hiyo, kila mwaka mwezi wa Muharram, Waislamu wa Ithnaasheri humlilia Imam Husein, aliyeuawa Karbala siku ya kumi ya mwezi huo mwaka 61 wa Hijria, yaani 680. Naye ni mmoja, tena ni mkuu. Lakini maombolezo hayo hayaishii kwake. Hutajwa wenziwe 72 kama wanavyohesabiwa, hutajwa Abbas aliyekwenda kuteka maji asirudi, hutajwa mtoto mchanga, hutajwa kiu ya wanawake katika mahema. Huyo ni mlango uliofunguliwa, nao umekaa wazi zaidi ya miaka 1,300. Kweli, 72 si 116,000. Lakini ugumu wa hesabu haukuwa sababu ya kumsahau hata yule mmoja, August von Leubelfing, ambaye jina lake lajulikana wazi.

Kati ya mji na Kariakoo pana Mnazi Mmoja, na mnara wa mashujaa u pale. Kwa miaka mingi tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, taifa lilikusanyika hapo, kabla ya sherehe kuu kuhamia Dodoma. Utaratibu wake una utu mwingi kuliko ule wa Lützen. Hakuna mfalme. Neno lenyewe, mashujaa, ni la wingi. Viongozi wa dini mbalimbali huomba dua mmoja baada ya mwingine, na hivyo tatizo la Daudi na Mturuki limepata dawa, angalau kwa saa moja. Kisha huwekwa silaha na heshima kwa zamu: Rais huweka mkuki na ngao, Mkuu wa Majeshi sime, kiongozi wa mabalozi shada la maua, Meya upinde na mshale, na mwakilishi wa wapiganaji wa zamani shoka.

Mkuki, ngao, sime, upinde, mshale, shoka. Katika orodha hiyo, mbali na maua, kila kitu ni cha kupigania. Hakuna awekaye ngata. Ile pete ya majani au ya kitambaa, ambayo mpagazi huitia kati ya utosi na mzigo, haigharimu cho chote, na kila mwanamke atekaye maji kisimani huijua kuisokota. Wapagazi wa 1916 hawakuwa na silaha ya kuwekewa. Walikuwa na ngata. Kama Kariakoo ilipata jina kwa ajili yao, na kama siku ile yasemwa ni ya wote waliokufa katika kazi ya vita wasijichagulie, mahali pa ngata pangekuwa mbele ya mkuki.

Wako watakaoona kwamba hayo ni kufukua maumivu yasiyo na mwenyewe, kwa kuwa wajane wa wapagazi nao walikwisha kufa, na watoto wao kadhalika. Deni lisilo na mdai, husema wanasheria, limekwisha. Katika sheria huenda ni hivyo. Katika maadili deni la namna hiyo ndilo gumu kuliko yote, kwa maana mdai hawezi kusamehe. Mfalme amekwisha kulipwa, kwa jiwe, kwa kanisa, kwa mashada na kwa keki. Hata kama mtu hatamkumbuka tena, hana la kudai. Kumwongezea sifa ni kumpa tajiri riba.

Jambo moja la kalenda lakumbukwa hapa, nalo ni la sadfa tu. Jeshi la Kiprotestanti la mwaka 1632 lilifuata kalenda ya zamani, kwa sababu ile mpya ilikuwa kazi ya Papa Gregori XIII. Uswidi iliikubali kalenda mpya mwaka 1753, lakini siku ya mfalme haikuhamishwa. Kwa hesabu ya jua Gustav Adolf alikufa tarehe 16 Novemba. Tarehe 16 Novemba 2024, siku ya Jumamosi, asubuhi, jengo la ghorofa lilianguka Kariakoo juu ya watu waliokuwa kazini, na zaidi ya 20 wakafariki. Watu walichimba kwa siku kadhaa wakisikiliza sauti chini ya kifusi. Walioangukiwa walikuwa watu wa soko, wenye kuuza na kununua. Hapana uhusiano wa sababu kati ya siku hizo mbili, na mwenye kuutafuta atakuwa mshirikina. Lakini tarehe ni chombo kitupu, na watu ndio wakijazao.

Mwezi wa Novemba umejaa siku za namna hii kwa Mlutheri wa Dar es Salaam atakaye kuzihesabu. Tarehe 6 ni ya mfalme. Tarehe 11 ni ya kusimamishwa kwa vita huko Ulaya mwaka 1918. Tarehe 25 mwezi huo, mwaka huo huo, jeshi la Wajerumani wa Afrika Mashariki liliweka silaha chini huko Abercorn, mji uitwao leo Mbala, katika Zambia, nao wapagazi waliosalia wakaanza kutafuta njia za kwao, wengine kwa mamia ya maili. Katikati ya tarehe hizo pana Jumapili mbili au tatu. Katika moja yao, mbele ya madhabahu ile inayoitazama bandari, au katika kanisa lo lote la Kariakoo, mchungaji aweza kuisoma habari ya Lützen yote, pamoja na fedha za Kardinali, na mtumishi kijana, na wale 47 wa kaburi moja; kisha asome, kutoka daftari za mishahara, majina ya wapagazi kadiri yanavyopatikana, Hamisi kwa Yohana, mwenye jina la Kizaramo kwa mwenye jina la Kinyamwezi, pasipo kuuliza nani alikuwa wa dini gani. Kusoma majina huchukua muda mrefu. Nje, wachukuzi wa soko watakuwa wakipita na mizigo yao, wakiomba njia.